Ukingo wa Koloni: Shajara ya Safari ya Preridogi na Malisho Yao, Dakota Kusini

Siku ya kwanza: kutoka Wall hadi Roberts

Wall ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya I-90, kusini-magharibi mwa jimbo la Dakota Kusini, Marekani. Hapo ndipo pa kujaza mafuta, maji na barafu, maana ukishaiacha lami kuelekea kusini hakuna duka la kutegemea. Kipimo cha maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Mwishoni mwa Juni joto linaweza kupita nyuzi 35, na kivuli pekee ni cha gari lenyewe.

Preridogi si mbwa. Jina amelipata kwa sauti yake ya kubweka. Ni kindi wa ardhini, mwenye uzito wa kati ya gramu 700 na kilo 1.4. Spishi zake ni 5, zote za Amerika ya Kaskazini. Anayekaa nyanda hizi ana mkia wenye ncha nyeusi, *Cynomys ludovicianus*. Tofauti na jamaa zake wa mkia mweupe wa Wyoming, huyu halali usingizi mrefu wa majira ya baridi. Malisho anayahitaji mwaka mzima, katika eneo lilelile dogo, na mengi yaliyomo katika shajara hii yanatokana na jambo hilo.

Barabara ya 240 inashuka kusini hadi lango la Pinnacles la Hifadhi ya Taifa ya Badlands. Ukishaingia, unakata kulia na kushika barabara ya changarawe ya Sage Creek Rim. Kilomita kama 8 mbele, koloni la Roberts limetanda pande zote za njia. Hili ni koloni la kuzoeshea macho. Wanyama wamezoea magari, kwa hiyo wanakaribia mno, na kwa sababu hiyohiyo takwimu za hapa hazifai kulinganishwa na za koloni lisilotembelewa.

Kwanza ni kukaa kimya. Gari likisimama, sauti ya tahadhari inaanza: mbweko mfupi unaorudiwarudiwa, mkia ukipiga kila mbweko. Walio karibu wanakimbilia midomo ya mashimo, walio mbali wanasimama wima. Dakika 20 hadi 30 hupita kabla ya wengi kurudi kula, na hesabu yoyote iliyofanywa kabla ya hapo inamhesabu mtazamaji kuliko wanyama. Dalili kwamba utulivu umerudi ni ule mruko wao maarufu: mmoja anajitupa juu kwa miguu ya nyuma, mikono hewani, kichwa nyuma, anatoa mlio, na majirani wanafuatisha mmoja baada ya mwingine. Hapo kalamu inaweza kuanza kazi.

Utaratibu wa hesabu ya macho ni huu. Pima kiwanja cha mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, na usimike vibendera kwenye pembe siku moja kabla. Mtazamaji akae nje ya kiwanja, mahali palipoinuka, jua likiwa mgongoni. Kwa darubini ya 10x42 pitisha macho polepole kutoka kushoto hadi kulia, mstari kwa mstari, kisha rudia kila baada ya dakika 15. Fanya hivyo asubuhi tatu na uchukue idadi kubwa kuliko zote. Usichukue wastani, kwa sababu wakati wowote ule wapo walioko chini ya ardhi, na idadi kubwa ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na tena jioni. Adhuhuri ya joto wengi hushuka mashimoni. Upepo mkali nao unaharibu hesabu, kwa kuwa mnyama anayeshindwa kusikia hatari hula kidogo na hukaa karibu na shimo.

Ndani ya koloni wanaishi kwa familia: dume mzima mmoja, majike wawili hadi wanne wenye undugu, na watoto wao. Kila familia ina eneo la kama theluthi moja ya hekta. Mipaka yake haionekani hadi uone wawili wakikutana. Wa familia moja hugusana midomo na kuendelea kula. Wa familia mbili hukabiliana, mikia ikitanuka kama brashi, na baada ya muda kila mmoja anarudi kwake. Ukichora mapigano hayo kwenye karatasi ya ramani kwa asubuhi mbili tu, mipaka ya familia inajichora yenyewe.

Siku ya pili: Bonde la Conata

Kusini mwa hifadhi liko Bonde la Conata, sehemu ya Nyika ya Taifa ya Buffalo Gap inayosimamiwa na Idara ya Misitu ya Marekani. Ardhi ni tambarare ya udongo wa mfinyanzi, ukuta wa miamba ya Badlands ukiwa nyuma yake. Ng'ombe wa wafugaji wenye vibali wanalisha humu, na makoloni ya preridogi ni miongoni mwa makubwa yaliyobaki nchini. Yaliyobaki, kwa sababu eneo lao la leo ni sehemu ndogo mno ya lile la zamani. Sehemu nyingine yote imeliwa na sumu, jembe na ugonjwa.

Kazi ya leo ni mashimo. Mstari wa sampuli una upana wa mita 3 na urefu wa hadi kilomita moja, na mistari imeachana kwa mita 60. Mpimaji anashika fimbo ya mita 3 kwa usawa mbele yake, nusu kila upande, na kuhesabu kila shimo ambalo zaidi ya nusu ya mdomo wake imo ndani ya fimbo. Shimo linahesabiwa kama mdomo una kipenyo cha sentimita 7 au zaidi na mwisho wake hauonekani. Kisha linaamuliwa kama ni hai au limekufa. Hai ni lile lenye kinyesi kibichi ndani ya nusu mita kutoka mdomoni, cha rangi ya kijani, nyeusi au hudhurungi iliyoiva. Kinyesi kilichokauka na kupauka hakihesabiki, hata kikiwa rundo.

Makosa yanayojirudia yako matatu. La kwanza ni kutembea kasi; kinyesi cha gramu chache hakionekani na mtu anayekwenda mwendo wa barabarani. La pili ni kupima baada ya mvua kubwa, ambayo husomba au kulowesha kinyesi hadi kikavu kionekane kibichi. Subiri siku mbili. La tatu ni bundi wa mashimoni. Ndege huyu hakai mtini. Anataga ndani ya shimo lililoachwa na hutapanya mavi ya ng'ombe au baisani, nyati wa Amerika, mlangoni ili mbawakawa wanaokula mavi waje awale. Ukiona vipande vya mavi vimesambazwa mdomoni pamoja na mabawa ya wadudu na vidonge vya matapishi ya bundi, andika shimo la bundi na upite mbali.

Lakini idadi ya mashimo haikuambii idadi ya wanyama. Kwenye koloni kongwe hekta moja inaweza kuwa na mashimo zaidi ya 100 huku wanyama wakubwa ni 10 au 20 tu. Familia moja ina milango mingi, na mashimo hudumu kuliko walioyachimba. Uwiano wa mashimo hai kwa yaliyokufa una manufaa zaidi: ukishuka ghafla kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kuna jambo.

Upande wa mashariki wa mstari wa mwisho, mashimo hai yanakoma ghafla kwenye laini iliyonyooka kama rula, sambamba na seng'enge. Ugonjwa haukati hivyo. Ni alama ya sumu ya zinki fosfaidi, inayotumiwa mipakani ili preridogi wasihamie ardhi ya watu binafsi. Shayiri safi hutandazwa kwanza ili wanyama waizoee, kisha siku chache baadaye shayiri yenye sumu ya asilimia 2, kama gramu 4 kwa kila shimo. Ukikuta ukingo wa namna hiyo, uandike pembeni kwenye karatasi; usipofanya hivyo, atakayesoma takwimu ofisini atadhani nyasi ndizo zilizowazuia.

Siku ya tatu: nyasi

Hii ndiyo siku nzito, nayo ndiyo sababu ya safari. Koloni linasomeka kwa nyasi zake kabla ya kumwona mnyama hata mmoja.

Kamba ya kupimia inaanzia katikati ya koloni, sehemu kongwe kuliko zote, na kwenda mstari mmoja hadi mita 200 nje ya shimo la mwisho. Katikati, udongo uko wazi kwa mapana. Kinachoota ni mimea ya majani mapana: *Dyssodia papposa*, yenye harufu kali inayobaki kwenye viatu siku nzima, na pakanga ya nyika, *Artemisia frigida*, yenye rangi ya majivu. Nyasi zilizopo nyingi ni *Aristida purpurea*, ambayo mbegu zake zina miba mirefu na wanyama wengi huikwepa. Ukisogea kuelekea nje, zulia la nyasi fupi linaanza: *Bouteloua gracilis* na *Bouteloua dactyloides*, ambazo zinastahimili kuliwa kila siku kwa sababu sehemu zake za kukua ziko usawa wa ardhi. Kisha unafika ukingoni. Hapo *Pascopyrum smithii*, nyasi kuu ya nyanda hizi, bado ipo, ila imekatwa fupi na inachipua upya, kijani kibichi. Hatua chache mbele, nje ya koloni, nyasi hiyohiyo inafika magotini, imechanganyika na majani makavu ya mwaka jana.

Ukanda huo wa ukingoni ndio wenye chakula bora, ingawa kwa macho unaonekana umekwishaliwa. Majani ni machanga, na majani machanga yana nitrojeni nyingi na nyuzi chache. Utafiti uliofanyika Hifadhi ya Taifa ya Wind Cave, hukuhuku Dakota Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha hilo kwa vipimo, na pia kwamba baisani huchagua kulisha kwenye koloni kuliko nje yake. Msomaji aliyewaona swala tomi wa Serengeti wakifuata nyuma ya pundamilia na nyumbu, wakila chipukizi baada ya nyasi ndefu kuondolewa, analijua jambo hili tayari. Tofauti ni kwamba hapa anayetangulia kukata ni mnyama wa kilo moja, na hahami.

Vipimo tunavyochukua ni vya aina tatu. Cha kwanza ni fremu ya sentimita 20 kwa 50, inayolazwa chini kila baada ya mita 10. Ndani yake kila spishi inapewa daraja la ufunikaji: asilimia 0–5, 5–25, 25–50, 50–75, 75–95 au 95–100, na kwenye hesabu linatumika katikati ya daraja, yaani 2.5, 15, 37.5, 62.5, 85 na 97.5. Watu wawili wapime fremu 10 za mwanzo kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana daraja zaidi ya moja, warudie hadi macho yao yakubaliane. Fremu ikiangukia juu ya kichuguu cha shimo, iache hapohapo. Ukiisogeza ipendeze, umefuta udongo wazi kwenye takwimu.

Cha pili ni kukata. Fremu ya robo mita ya mraba, mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, kila kitu kinakatwa usawa wa ardhi na kutenganishwa papo hapo kwenye mifuko ya karatasi: nyasi za msimu wa baridi, nyasi za msimu wa joto, majani mapana, pakanga, na makavu ya mwaka jana. Mifuko inaingia kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 48, au hadi uzito uache kupungua. Gramu za fremu moja ukizizidisha kwa 40 unapata kilo kwa hekta. Hitilafu kubwa ni udongo. Nyasi za sentimita 3 zikikatwa kwa pupa zinakuja na vumbi na mizizi, na vumbi hilo linaweza kuzidi majani yenyewe kwa uzito. Usitumie mifuko ya plastiki, kwani nyasi mbichi huanza kuoza kabla hujafika Wall.

Cha tatu ni vizimba. Kizimba cha waya cha mita moja ya mraba huwekwa juu ya nyasi ili zisiliwe, na mwenziwe asiye na waya anachaguliwa pembeni. Mwezi mmoja baadaye vyote viwili vinakatwa. Tofauti ya uzito ndiyo iliyoliwa au kukatwa. Kizimba kihamishwe kila mwezi, la sivyo nyasi zilizomo zinaacha kuwa za koloni. Kifungwe kwa nondo nne zilizopigiliwa sentimita 40 chini, kwa sababu baisani hujikuna kwa chochote kilichosimama na atakiacha kimepinduka.

"Kuliwa au kukatwa" nimeiandika kwa makusudi. Mtazame mmoja kwa dakika 5 bila kuondoa darubini. Anainama, anakata bua la *Pascopyrum* kwenye shina, anakaa kitako na kulishika kwa mikono miwili, anatafuna ile sehemu nyeupe laini ya chini, kisha anaangusha urefu wote uliobaki. Anasogea hatua mbili, anakata bua jingine, safari hii hali kitu, analiacha limelala. Mmea mrefu unamzuia kuona koyote, mbwamwitu mdogo wa Amerika, na tai, kwa hiyo unaondolewa, uwe chakula au usiwe. Mabua haya yaliyolala yaokotwe na kupimwa peke yake, maana vinginevyo yote yanaandikwa kuwa yameliwa na tumbo la preridogi linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Kumtambua aliyekata si vigumu. Meno ya preridogi huacha ncha safi ya mshazari. Baisani na ng'ombe hawana meno ya mbele ya juu, hivyo wanachana, na ncha inabaki na nyuzi. Panzi huacha kingo zenye mapengo. Sungura pia hukata mshazari. Huyo anajulikana kwa vinyesi vyake vya mviringo vilivyo karibu.

Preridogi hanywi maji hapa; hata dimbwi likiwepo mara nyingi halitumiwi. Maji anayapata kwenye majani. Wala haweki akiba ya chakula. Ukimwona anakimbia na shada la nyasi kavu mdomoni anapeleka matandiko ya kiota. Majira ya baridi, nyasi zikiwa zimekufa juu, huchimba mizizi na kutafuna mipungate, *Opuntia polyacantha*. Vishimo vidogo vya sentimita chache vilivyotapakaa katikati ya koloni mwezi wa tatu ni alama ya njaa hiyo, na ndiyo maana udongo wa katikati unabaki wazi mwaka baada ya mwaka.

Ugomvi na wafugaji unahusu uzito huu wa nyasi. Mwaka 1902 C. Hart Merriam, mkuu wa ofisi ya serikali iliyoshughulikia wanyamapori, aliandika kwamba preridogi 256 wanakula sawa na ng'ombe mmoja, na hesabu hiyo ilitumika kuhalalisha kampeni za sumu kwa miongo mingi. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila kilichokatwa kimepotea na kwamba ubora wa kilichobaki haujabadilika. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 kutoka nyika fupi za Colorado uliwapima ng'ombe wenyewe: koloni likichukua asilimia 20 ya malisho, ongezeko la uzito wa ng'ombe lilipungua kwa asilimia 5.5, likichukua asilimia 60, lilipungua kwa kama asilimia 14. Hasara ipo, na mfugaji anayeilalamikia halalamiki bure. Ila haifuati uwiano wa eneo lililokaliwa, na mwaka wa ukame ndio unaouma.

Siku ya nne: mvua

Mvua ilinyesha usiku. Udongo wa Conata una bentonaiti, aina ya mfinyanzi; ukilowa unavimba na kunata. Magurudumu yanajaa hadi kwenye matao na gari linateleza ubavu hata kwenye tambarare. Hakuna kuingia. Jaribio la kupita linaacha makorongo yatakayodumu miaka. Tulibaki kwenye changarawe na darubini.

Na kumbe mvua ina faida yake. Vichuguu viko vya aina mbili. Kimoja ni cha duara pana kilichotandazwa, upana wa mita 2 au 3 na kimo cha sentimita 20 au 30. Kingine ni mfano wa volkano ndogo, chembamba, kinachoweza kufika kimo cha mita moja, nacho kinajengwa udongo ukiwa umelowa. Asubuhi ya leo dume mmoja alikuwa anakwangua udongo kwa mikono kuelekea juu ya ukingo, anausukuma kwa paji la uso, kisha anaugonga kwa pua, pigo baada ya pigo, akizunguka mdomo wote. Udongo ukikauka, alama za pua zinabaki kama mistari ya vishimo na hudumu wiki kadhaa. Mdomo wenye alama kali za pua ni shimo hai, hata kama mvua imesomba kinyesi.

Tofauti hiyo ya kimo ina kazi. Shimo linashuka mita 2 hadi 3 na kwenda mita 10 au zaidi, lina milango miwili au zaidi. Upepo ukipita juu, kasi yake ni kubwa zaidi kwenye mlango ulioinuka, hewa inavutwa kutoka hapo, na hewa safi inaingia kwa mlango wa chini. Mnyama anayelala mita 2 chini ya udongo wa mfinyanzi anapumua kwa sababu ya kichuguu chake. Anayekanyaga na kusawazisha vichuguu ili gari lipite anaziba hewa.

Siku ya tano: viroboto

Bakteria wa tauni, *Yersinia pestis*, aliingia Marekani kwa meli bandarini San Francisco mwaka 1900, akahamia kwa panya pori na kuelekea mashariki. Preridogi hawana kinga. Koloni likiambukizwa, zaidi ya asilimia 90 hufa ndani ya wiki chache. Conata lilifikiwa mwaka 2008. Ni bakteria yuleyule aliyesumbua Lushoto, Tanzania, kuanzia 1980, naye husafiri kwa njia ileile, yaani kiroboto.

Kuchukua viroboto shimoni kunahitaji spring ndefu ya fundi bomba ya kuzibulia mifereji. Kwenye ncha funga kwa klipu kipande cha flana nyeupe cha sentimita 15 kwa 15. Sukuma taratibu hadi mita 2 au pale inapokwama, subiri sekunde 30, vuta, na utie kitambaa papo hapo kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, uandike namba ya shimo, kisha mfuko uende kwenye barafu. Kiroboto anavutwa na mtikisiko na kitu kinachoingia kama mwenyeji. Flana iwe nyeupe ili aonekane, na iwe kavu. Iliyolowa jasho au umande viroboto hawaishiki vizuri. Kabla ya kusukuma, sikiliza mdomo wa shimo. Nyoka mwenye njuga mkiani hupumzika humo adhuhuri, na spring ya mita 2 itamgusa.

Usalama hauna njia ya mkato. Suruali ndani ya soksi, soksi zimepuliziwa permethrini, dawa ya wadudu, siku moja kabla, glavu mbili, na hakuna kuokota mzoga kwa mkono mtupu. Anayepata homa na tezi zilizovimba ndani ya wiki moja baada ya kazi aende hospitali siku hiyohiyo na amwambie daktari alikuwa kwenye makoloni. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Kinga kuu ya makoloni ni unga wa deltamethrini, dawa ya kuua viroboto, wa asilimia 0.05, gramu 4 hadi 5 kila shimo, unaopulizwa ndani kwa bomba. Shimo lililorukwa ni mlango wa ugonjwa, kwa hiyo wapulizaji hupanga mstari bega kwa bega na kila shimo lililotiwa linapata alama ya povu jeupe. Usipulize udongo ukiwa umelowa, unga unaganda mdomoni. Baada ya miaka ya kutumia dawa hiyohiyo, usugu wa viroboto umeonekana hapahapa eneo la Badlands, ndiyo maana nafaka yenye fipronili inajaribiwa kwa kupokezana. Chanjo ya kumeza, kidonge chenye ladha ya siagi ya karanga, ilijaribiwa porini katika majimbo 7 kati ya 2013 na 2015. Inasaidia, ila haizuii kila kitu.

Koloni lililopigwa na tauni linatambulika kwa kimya. Utando wa buibui mzima unavuka midomo ya mashimo, nzi wengi wanarukaruka juu yake, mizoga ni michache juu kwa kuwa wengi hufia chini. Vifo vinasambaa kwa mabaka, familia baada ya familia. Mwaka unaofuata nyasi ndefu zinarudi kuanzia ukingoni kwenda ndani.

Usiku wa kuamkia siku ya sita: fereti

Fereti mwenye miguu myeusi ni jamaa wa kicheche. Analala kwenye mashimo ya preridogi na kula preridogi; wao ndio karibu asilimia 90 ya chakula chake. Alidhaniwa ametoweka hadi mwaka 1981, mbwa wa mfugaji mmoja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomleta mmoja amekufa nyumbani. Wa mwisho 18 walikamatwa kufikia 1987, na karibu wote wa leo wanatoka kwa 7 kati ya hao. Badlands walirudishwa kuanzia 1994, Conata kuanzia 1996.

Msako unafanyika kwa kibali, saa tatu usiku hadi alfajiri, gari likitambaa chini ya kilomita 15 kwa saa na taa kali ikifagia pande zote mbili. Jicho la fereti linarudisha kijani cha zumaridi, la sungura jekundu. Akionekana, weka kibendera, kisha pete ya kusomea chipu iliyo chini ya ngozi yake mdomoni mwa shimo na uondoke. Akichungulia, pete inasoma namba yake. Mchana, ishara yake ni mashimo yaliyozibwa kwa udongo safi. Preridogi wanamzibia njia.

Siku ya saba: Wind Cave

Kupitia Rapid City na kushuka kusini ni mwendo wa kama saa mbili hadi Hifadhi ya Taifa ya Wind Cave. Hapa mtafiti John Hoogland alifuatilia preridogi waliotiwa alama kuanzia 1975 hadi 1989. Aligundua kwamba jike hupandwa siku moja tu kwa mwaka, kwa saa chache, na kwamba wauaji wakuu wa watoto ni majike wa familia hiyohiyo wanaonyonyesha. Watoto hukaa chini wiki kama 6, kwa hiyo anayehesabu mapema Mei na anayehesabu Juni wanahesabu makundi mawili tofauti. Tarehe iandikwe kando ya kila namba.

Kwenye koloni la Bison Flats mgawanyo wa walaji ulionekana wazi. Baisani walilisha ukingoni, kwenye nyasi fupi za kijani, kisha wakaingia katikati kulala na kujigaragaza kwenye udongo wazi. Pronghoni, mnyama mwenye umbo la swala, walikuwa katikati wakichagua majani mapana. *Sphaeralcea coccinea*, mmea wa jamii ya bamia wenye maua ya rangi ya chungwa, uliliwa ncha tu.

Kazi ya mwisho ni kuchora ukingo. Mpimaji anatembea na GPS akifuata shimo hai la nje kabisa, akirekodi nukta kila mita 10. Shimo lililo mbali zaidi ya mita 50 na jirani yake linawekwa kama nukta ya peke yake, lisivute mstari. Halafu mstari wa pili unachorwa: mahali nyasi zilizokatwa zinapokomea. Mistari hii miwili haifanani. Mwaka mkavu nyasi za nje ni fupi, mnyama anaona mbali, na mstari wa nyasi unatangulia wa mashimo kwa mita kadhaa. Mwaka wa mvua nyasi ndefu zinarudi ndani na kupita mashimo ya nje, ambayo huachwa. Upande wa kaskazini wa Bison Flats mstari wa nyasi uko nje. Upande wa kusini, karibu na bonde lenye unyevu, uko ndani. Nondo za chuma zimepigiliwa kwenye mistari yote miwili, kila moja na namba yake, na vipimo vya Septemba vitaanzia hapo, kabla baridi haijaua nyasi za msimu wa joto.